Silabi Moja Iliyokausha Gia Boksi

Mpendwa mshauri Bi Warda,

Naomba msaada wako, na kwanza naomba uniwie radhi ikiwa mwandiko huu utatoka nje ya mistari, kwa maana nimebeba vitu viwili visivyopaswa kukaa katika kifua kimoja, yaani aibu na kicheko, na Jumapili iliyopita kicheko kilinishinda kanisani katikati ya sala ya toba, ikanibidi nijifanye ninakohoa, mpaka mzee wa kanisa akaja kunipigapiga mgongoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Asili yangu ni Tabora, ila Serikali ilinileta Mtwara nikiwa kijana na sikuondoka tena. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minane, na hapa mtaani watu huniletea kadi za harusi nizisahihishe kabla hazijachapishwa. Mke wangu anaitwa Modesta. Tuna gari moja la siti nane, Noah, la otomatiki, ambalo hubeba wajukuu, wanakwaya, mihogo na kila jirani mwenye safari.

Mwezi uliopita gari hilo lilianza kushtuka kila linapobadili gia, nikalipeleka kwa fundi Chande, ambaye gereji yake iko mtaa wa nyuma yetu, naye akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakipitisha puani, akanipa nami ninuse, na kwa kweli ilinuka kama korosho zilizosahauliwa motoni. Akasema, "Mwalimu, hii imeungua. Inatakiwa iwe nyekundu, hii imeshakuwa kahawa." Akaimwaga, akafungua sampo, lile bakuli la oili la chini, akafuta sumaku zilizojaa unga wa chuma, akabadilisha chujio, akaweka oili mpya ya aina ile ile iliyotajwa katika kitabu cha gari, na tuliporudi nyumbani gia zilibadilika kwa upole kiasi kwamba Modesta aliuliza kama gari limezimika.

Sasa sikia kosa langu. Nilimwomba Chande anielekeze namna ya kuipima oili hiyo mwenyewe, naye akachana kipande cha boksi, akachukua penseli aliyokuwa ameiweka sikioni, akaandika: "Oili ya giaboksi pima gari isizime." Nilipofika nyumbani nikakisoma kipande hicho, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu. Gari liko katika ngeli ya LI-YA, kwa hiyo ile "i" ya mwanzo nikaifanya "li". Kisha, kwa kuwa tangu nipate leseni nimejua kwamba oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa, nilihukumu kwamba ile "-si-" ni kosa la tahajia, kwamba fundi alikusudia "-ki-", na kwamba gari halizimi kwa hiari yake bali huzimwa na dereva, nikaandika juu yake kwa herufi zilizonyooka, "gari likizimwa", nikampa Chande alama sita kwa kumi, nikakibandika kipande kile ndani ya gari, nikalala usingizi wa mtu aliyelitendea taifa wema.

Asubuhi nikapima gari likiwa limezimwa, na oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu vidole viwili! Nikamwambia Modesta, "Huyu Chande ametumiminia oili kama anamimina togwa." Nilikuwa nimesikia kwamba oili ikizidi huharibu gia boksi, basi nikatafuta mpira mwembamba na bomba la sindano la mifugo, nikawa kila alfajiri nainyonya oili kidogo na kuitia katika chupa ya maji, nikapima, nikanyonya tena, mpaka siku ya tatu ikatua juu ya alama barabara, kama nukta mwisho wa sentensi. Ilikuwa imetoka lita moja na nusu. Chupa nikaiweka kwenye rafu ya jikoni ili iwe ushahidi, na kwa kuwa oili yenyewe ilikuwa mpya na nyekundu, jioni moja Modesta, akidhani ni juisi, alimmiminia jirani yetu Zuhura glasi nzima, na Zuhura alikuwa ameshaiinua mkononi aliposema, "Dada Modesta, rozela yako leo mbona inanuka gereji?"

Laiti ningeisikia sauti hiyo kama onyo! Lakini sikuisikia, na Jumamosi yake tukaondoka kwenda Kitaya kwenye harusi ya mpwa wa Zuhura, mimi nikiwa dereva, na pamoja nami wanawake saba waliovaa sare ya kitenge cha kijani, sufuria mbili za pilau, na keki ya ghorofa tatu iliyopakatwa na Zuhura, ambaye hunitania mchana na usiku kwa kuwa mimi ni Mnyamwezi na yeye ni mtu wa huku. Tulipokipita kijiji cha Ziwani, mbele yetu kukawa na kilima kimoja ambacho mtu wa baiskeli yenye gunia la mkaa hukipanda bila kumlaumu yeyote. Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma. Nikakanyaga zaidi, ikanguruma zaidi, na gari, mshauri, halikwenda mbele hata hatua moja, likasimama kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, kisha likaanza kurudi nyuma polepole.

Zuhura akasema, "Mwalimu, tunakwenda Kitaya au unaturudisha kwenu Tabora?"

Basi gari zima likalipuka kwa kicheko. Wakashuka wote saba. Keki ikapewa kiti cha mbele na kufungwa mkanda, na wanawake wale wakajipanga nyuma wakalisukuma gari hadi pembeni, na Zuhura akaanzisha wimbo palepale, yeye akiita, "Inanguruma!" nao wakiitikia, "Inakwenda wapi?" naye akimaliza, "Ipo papa hapa!" wakapiga vigelegele. Na mimi, nikiwa nimeshika usukani jasho likinitiririka, nilitoa kidole dirishani kuwaambia kwamba gari ni "linanguruma". Wakaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, "Inanguruma!"

Kwa hasira ya kuchekwa nilisogea pembeni penye mtandao, nikaandika katika kundi la simu la mtaa wetu tangazo lenye kichwa "Tahadhari kwa Wenye Magari", nikaeleza kwamba fundi Chande amejaza oili ya gia boksi pasipo kipimo, akahatarisha maisha ya akina mama saba na keki, na kwamba mwenye kupenda usalama wake atafute fundi mwingine. Lilikuwa tangazo zuri, aya tatu, bila kosa. Watu kumi na wawili wakanipongeza kwa lugha.

Kisha ndipo nikampigia Chande. Akaja kwa bodaboda na galoni la oili, hajui lolote, akanisalimu kwa heshima, akaniambia, "Mwalimu, washa. Usizime." Nikawasha. Akaniagiza nikanyage breki, nipitishe gia zote moja baada ya nyingine, nirudishe kwenye P, ile ya kuegeshea, na gari likiwa bado linawaka akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu.

Nikamuuliza, "Kwa nini hulizimi kwanza?"

"Hii ya gia boksi ukizima, oili yote inarudi chini kwenye sampo," akasema. "Inajionyesha nyingi, kumbe wala haijazidi. Ndiyo maana nikakuandikia isizime."

Akalala chini ya gari kwa nguo alizokuwa amevaa, akapapasa kila mahali akitafuta panapovuja. Akatoka na mchanga nyweleni, akasimama, akasema maneno ambayo hayajanitoka mpaka leo: "Hakuna hata tone. Basi ni mimi, Mwalimu. Nimekosea kipimo. Nisamehe."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Wanawake saba walikuwa wamesimama wakisikiliza, Zuhura akiwa mbele, na mdomo wangu, ambao umefundisha maelfu ya watoto kusema, ulisema, "Haya, si neno." Akajaza oili, ikaingia lita moja na nusu, gari likapanda kilima, tukafika Kitaya, wakacheza ngoma mpaka jioni, mimi nikatafuna pilau kama ninatafuna chaki.

Tangu hapo watu wameyaondoa magari yao kwa Chande mmoja mmoja, kwa sababu tangazo limetoka kwa Mwalimu na Mwalimu hakosei. Juzi mkewe, Mastura, alimwambia Modesta kwamba mume wake anafunga gereji, na Jumatatu ijayo anaanza kazi ya kupakia magunia ya korosho bandarini, si kwa kukosa wateja tu, bali kwa kuwa amejikatia tamaa mwenyewe. Alimwambia mkewe, "Mtu asiyejua lita moja na nusu imekwenda wapi, asiguse gari la mwenzake." Nayo, Bi Warda, ipo kwenye rafu yangu ya jikoni!

Nilimweleza Modesta yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akafuta machozi kwa upande wa kanga, akakitazama kile kipande cha boksi chenye alama sita kwa kumi, akaanza upya. Alipopata pumzi akasema, "Baba Fredi, nyamaza. Ukisema tu, Zuhura atatunga ubeti wa pili, na utaimbwa mpaka siku ya kuzikwa." Na huo ndio ukweli, kwani ubeti wa kwanza umeshaenea, watoto wanauimba wakinywesha ng'ombe, na mimi mwenyewe nilijikuta ninaupiga mluzi bafuni.

Nimefikiri niandike tangazo la pili, fupi, la kusema kwamba fundi Chande sasa amejirekebisha na anaaminika. Je, hilo litatosha? Au niende kwake, nivue heshima ya miaka thelathini na minane mbele ya mtu niliyemkosoa kwa wino mwekundu? Nishauri, kwa maana nacheka na silali.

Wako,
Mwalimu Mstaafu, Mtwara


Jibu la Bi Warda

Mwalimu, shikamoo. Nimecheka mpaka mtu wa mitambo akachungulia humu studio kuona kama naumwa. Nimemaliza. Sasa kaa vizuri nikuambie.

Chande alikosea ngeli akapatia gari. Wewe ulipatia ngeli ukakosea gari. Kati ya kukosoa na kukosea kuna tofauti ya herufi moja tu, nawe uliyafanya yote mawili kwa kalamu ileile. Hilo ningelisamehe, maana mtu husoma anachokijua, na wewe ulijua oili ya injini, ukadhani oili zote zina tabia moja. Wangapi huko nje, mnaonisikiliza sasa, mnafanya vivyo hivyo? Msinyooshe mikono, najua mpo.

Nisilolisamehe ni lile la kilimani. Mtu amelala mchangani kwa ajili yako, amesimama, amekuomba msamaha kwa kosa lako, nawe ukaupokea! "Haya, si neno." Lilikuwa neno, Mwalimu. Lilikuwa neno moja, "mimi", na ukamwachia alibebe yeye.

Na hilo tangazo lako la pili lichane. "Fundi Chande amejirekebisha." Amejirekebisha nini? Ukiandika hivyo utakuwa umethibitisha mara mbili kwamba alikosea, na mara hii utakuwa unajua kabisa kwamba unasema uongo. Usithubutu.

Unaogopa kuimbwa. Utaimbwa. Nami nikipata huo ubeti wa pili nitauomba kwa ajili ya kipindi hiki. Lakini niambie, tangu lini mtu wa pwani akakutungia wimbo kwa sababu anakuchukia? Wanawake wale walisukuma gari lako kwa sare za harusi, na wangeweza kukutukana, wakachagua kukuimba. Anayetaniwa amekubaliwa. Miaka yote hiyo umeishi Mtwara kama msahihishaji. Ubeti wa pili utakufanya mwenyeji. Na mama Modesta, nakuheshimu sana, lakini ushauri wako wa kunyamaza umeutoa ukiwa sakafuni, na ushauri wa sakafuni haufuatwi.

Haya, fanya hivi.

Nenda kwa Chande wewe mwenyewe, kwa miguu, bila mke na bila hotuba. Chukua ile chupa kutoka jikoni, kabla haijampata mgeni mwingine, na kile kipande cha boksi. Mpe vyote viwili mkononi. Sema, "Lita moja na nusu ni hii. Niliitoa mimi. Uliandika sawa, mimi nikaharibu." Kisha funga mdomo. Usimweleze historia ya ngeli. Akikasirika, mwache akasirike. Akicheka, cheka naye, lakini umngoje aanze yeye.

Ukitoka hapo, siyo kabla, andika katika kundi lilelile. Usiandike aya tatu. Andika kwamba fundi Chande alifanya kazi yake sawasawa, kwamba wewe ulipima oili ya gia boksi gari likiwa limezimwa, ukaiona imezidi, ukainyonya, na kwamba kilima cha Ziwani ni chako na si chake. Weka jina lako kamili. Wasipokupongeza kwa lugha, utajua umeandika vizuri.

Halafu lirudishe gari kwake, mchana, watu wakiona. Gari lililonguruma kilimani bila oili ya kutosha limepata joto kali ndani, kwa hiyo aitazame oili upya. Ikiwa bado ni nyekundu na haina harufu ya kuungua, shukuru Mungu. Ikiwa imeanza kugeuka kahawa, aibadilishe tena, kwa hesabu yako wewe. Na usimrudishie ile ya chupa aiweke ndani. Imeshapita kwenye bomba la mifugo.

Na umwombe akufundishe kupima, wewe na yeyote atakayekuja kuangalia. Sikilizeni nanyi wengine, maana barua za namna hii sitaki kuzipata mbili. Gari la otomatiki lenye kijiti cha gia boksi, kama hili la Mwalimu, liendeshwe kwanza mpaka lipate moto. Lisimame mahali tambarare, si kwenye mteremko wa mbele ya nyumba yenu. Likiwa linawaka, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudisha kwenye P. Usizime! Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kitoe tena, usome alama ya moto, ile iliyoandikwa HOT. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo, tena ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, kwa kuwa si kila kitu chekundu ni oili ya gia boksi, na Zuhura ni shahidi. Ukiona imezidi, usichukue sindano; mwite fundi. Na kama gari lako halina kijiti hicho kabisa, usilazimishe, peleka gereji. Kuna magari ya kila tabia, na kitabu cha kila gari kimeandikwa kwa sababu.

Sasa, Mwalimu, la mwisho, na sikiliza kwa makini kwa sababu hili halingoji. Umeniandikia kana kwamba una muda mpaka Jumatatu. Huna. Jina lako sijalisoma, na majina yote ya barua hii nimeyabadilisha kabla ya kuingia studio. Lakini keki iliyofungwa mkanda haina jina lingine. Kilima cha Ziwani hakina jina lingine. Wanawake saba wenye kitenge cha kijani wanajijua, na hivi ninavyosema nasikia simu za studio zimeanza kulia. Leo ni Jumamosi. Saa ya ukutani kwangu inaonyesha saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, asubuhi. Mafundi wa Mtwara hufungua gereji saa moja, na kitu cha kwanza wanachokiwasha ni redio, kisha huulizana, "Umesikia ile barua?"

Chande akiambiwa na redio, utakuwa umefumaniwa. Akiambiwa na wewe, utakuwa umeungama. Kati ya hayo mawili umebaki na dakika ishirini na tano, na umesema gereji iko mtaa wa nyuma.

Kandambili zinatosha. Nenda.